Aliyekuwa Mbele Yangu Kwenye Mstari wa Dawa

Mpendwa Shangazi Tatu,

Naomba msaada wako, na naomba uharakishe kunijibu, maana Ramadhani imekaribia na jambo langu limepangiwa siku. Mimi ni mama wa watoto wanne, Mwislamu wa kuzaliwa, nakaa Kimanga hapa Uvira, nauza ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu, na mume wangu ni Mwalimu Useni anayesomesha watoto Kurani chuoni. Ukurasa wako tunausoma kila gazeti linapovuka mpaka, na nimeona jinsi unavyowakaripia watu, lakini mimi naamini utanielewa kwa sababu jambo langu ni la haki.

Unajua yaliyotupata mwaka huu. Tangu uhuru tulikuwa tunangoja kutulia, badala yake waasi wakaingia mjini mwezi wa tano, wakakaa mpaka mvua zilipoanza, halafu wanajeshi wa serikali wakaurudisha mji, na katika kukimbia huko na kurudi imamu wetu mzee alivuka ziwa kwenda Kigoma na huko huko akafariki, Mungu amrehemu, kwa hiyo msikiti hauna mtu wa kutuongoza tarawehe. Wametajwa watu wawili. Wa kwanza ni Feruzi, muadhini wetu wa miaka mingi, jirani yangu mlango wa tatu, mwenye sauti ambayo hata Wakatoliki wa mtaa wanaamkia kazi kwayo. Wa pili ni mume wangu, ambaye hakuomba, walimtaja wao wenyewe, na mimi sina tamaa ya cheo hicho hata kidogo.

Sasa sikiliza. Wakati wa waasi mganga wao alikaa kwenye uwanja wa shule, anachanja watu chale kwa wembe, anapaka unga mweusi, anawanyunyizia maji, ndiyo dawa yao ile ya kugeuza risasi kuwa maji. Mwanzo walichanjwa vijana wa vita tu, baadaye wakasema hata raia, na asiye na chale hapiti bariyeri, kizuizi cha njia ya Fizi, akijaribu anaitwa mpelelezi. Mama yangu alikuwa mgonjwa kule Makobola, peke yake, nikaletewa habari kwamba hana hata wa kumtekea maji, basi ningefanya nini shangazi, nilikwenda nikasimama kwenye mstari kama wengine, nikachanjwa kidogo tu hapa juu ya mkono, lakini Mungu anaijua nia yangu, muda wote nilikuwa nasoma Ayatul Kursi chini chini na moyo wangu haukuwemo kabisa katika mambo yale, nilikuwa nataka kupita tu.

Hapo ndipo nilipomwona Feruzi. Alikuwa mbele yangu kwenye mstari. Hakusukumwa na mtu, hakufungwa kamba, hakuna aliyemshikia bunduki. Alivua kofia yake akaikunja akaitia mfukoni, zamu yake ilipofika akafungua vifungo vya shati mwenyewe akatoa kifua, na alipogeuka kando niliona midomo yake inachezacheza, bila shaka alikuwa anafuata maneno ya mganga. Alipomaliza alipita karibu nami, macho yetu yakakutana, akainamisha uso na mimi nikainamisha wangu, na tangu siku ile tunapishana kisimani tunasalimiana habari za watoto na hatujawahi kulitaja.

Nilikaa na jambo hilo moyoni bila kumwambia mtu, mimi si mtu wa maneno. Lakini wiki ile majina mawili yalipotajwa tulikuwa tumekaa na mume wangu tunachambua ndagala, tunatoa vijiwe, nikajikuta nimemweleza. Aliacha kuchambua akanitazama.

"Weye uko na hakika?"

"Minye nilimuona na macho yangu."

"Alijipeleka ye mwenyewe?"

"Alijipeleka."

Akasema, "Sasa muntu wa namna ile atasalisha watu namna gani? Ile ni shirki."

Kesho yake akaenda kwa Mzee Bilali, mkubwa wa wazee wa msikiti, akamweleza. Alimwambia yeye na wazee wenzake kwamba mimi nilikuwa napita njiani nikaona. Habari ya mkono wangu hakuitaja, akaniambia, "Ya kwako iko mbali na ya Feruzi. Ya kwako ilikuwa sababu ya mama."

Wazee wakamwita Feruzi wakamtaka afungue shati. Akakataa. Akawaambia kifua chake ni cha Mungu na cha mke wake, wengine wakacheka, wengine hawakucheka, na mwisho wa kikao hakikupatikana kitu. Ndipo Mzee Bilali akaja kwangu mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha mume wangu, akaniambia, "Mama, weye njo uliona, muntu mwengine haiko. Ijumaa ya mwisho ya Shaabani utakuja mbele ya wazee, utashika Msahafu, utasema kama Feruzi alienda kwa kupenda ao kwa kulazimishwa. Tukimaliza pale tunajua nani atasalisha."

Shangazi, kama lingekuwa la tarawehe peke yake ningeenda bila wasiwasi. Lakini mke wake Feruzi, Nkeshimana, Mrundi aliyesilimu, alikuja mpaka kwenye ua wangu, hakutaka kukaa, hakutaka hata maji, akaniambia akiwa amesimama, "Mama Zabibu, minye siombe useme uongo. Nakukumbusha tu, kambi ya basoda iko pale Kalundu. Neno lenye kutoka musikitini linafika kule hata watu hawajavaa viatu." Na anasema kweli, maana wanaume wawili wa Kalundu walikutwa na chale wakaitwa waasi wakapelekwa kambini kwa wanajeshi na hawajaonekana tena, wake zao wanapeleka chakula kila siku na sahani zinarudi tupu, lakini hakuna anayejua ni nani aliyekula.

Kwa hiyo nimekwama. Nikisema alilazimishwa nitakuwa nimeapa uongo juu ya Msahafu. Nikisema alikwenda kwa kupenda nitakuwa nimesema haki, na haki haina jirani. Dini inasema binadamu tunahukumu yanayoonekana, ya ndani ni ya Mungu, na mimi nasema nilichokiona. Lakini nikisimama kuswali namwona yeye na kofia yake mfukoni, na usingizi wangu si mzuri, na siku ya Kiyama nitaulizwa ushahidi huu. Nifanye nini? Nijibu kabla ya Ijumaa hiyo, tafadhali.

Mimi, Mama Zabibu, Kimanga.

SHANGAZI TATU ANAJIBU

Mama Zabibu,

Kwanza, majina yote nimeyabadilisha na mtaa wenu si huo, kwa sababu gazeti hili likishasomwa hufungiwa samaki kila soko la ziwa hili, na wanajeshi nao hula samaki. Pili, pole. Mama mgonjwa ng'ambo ya bariyeri, watoto wanne, na mji uliobadilisha wenyewe mara mbili ndani ya mwaka mmoja si mambo madogo. Kwa kwenda kwenye mstari ule sikulaumu. Pole yangu inaishia hapo, sasa kaa vizuri tusemezane.

Watu wawili walisimama mstari mmoja. Walichanjwa na mganga mmoja, kwa wembe mmoja, wakanyunyiziwa maji ya ndoo moja. Wote wawili midomo ilikuwa inacheza. Wa nyuma anatuambia yeye alikuwa anasoma Ayatul Kursi, na mwenzake wa mbele alikuwa anafuata maneno ya mganga. Uliyasikia maneno hayo? Hukuyasikia. Ungeyasikia ungeniandikia, maana hukuniachia kitu, hata vijiwe vya ndagala umenieleza. Uliona midomo, ukajaza mwenyewe kilichomo.

Hakusukumwa na mtu, unasema. Na wewe ulisukumwa na nani? Ulisukumwa na mama yako, nami naamini. Lakini kama ningekuwa nimesimama nyuma yako siku ile, ningemwona mama yako? Ningeona mwanamke mzima amekuja kwa miguu yake, hana kamba, hana bunduki mgongoni, zamu yake imefika anakunja mkono wa gauni mwenyewe. Ningeweza kushika Msahafu nikaapa kwamba alikwenda kwa kupenda, na ningetoka pale nikijisifu kwamba nimesema nilichokiona.

Unaona unavyofanya? Kwa nafsi yako umeanza na nia, ndipo ukaja kwenye chale. Kwa jirani yako umeanza na chale na hukwenda mbele. Usidhani wewe ni mbaya kuliko wengine, sisi sote tunajipimia kwa kibaba kingine, ndiyo maana kazi ya kupima mioyo Mungu hakutuachia. Kwenye mabega ya Feruzi kuna malaika wawili wanaoandika. Nafasi ya malaika wa tatu haijatangazwa.

Na hilo la kuhukumu yanayoonekana, nimelisikia tangu nilipokuwa nasoma chuoni, ni neno la kweli, na wewe unalishika kichwa chini miguu juu. Kinachoonekana ni chale. Kupenda hakuonekani, kulazimishwa hakuonekani, hofu haionekani. Na hofu, mama, haihitaji mtu wa kukusukuma. Wazee wenu hawakukuuliza ulichoona, wamekuuliza kilichokuwa ndani ya kifua cha mtu, na ulipaswa kuwaambia hapo hapo kwamba huko hukuingia.

Pengine Feruzi alikwenda kwa kupenda. Sikatai. Pengine aliamini kabisa kwamba risasi itageuka maji, waliamini watu wenye akili kutuzidi mimi na wewe. Basi kama aliamini, na akatubu, toba yake haikuwa na haja ya kupitia kwa Mzee Bilali. Na kama alilazimishwa na hofu huku moyo wake umetulia katika imani, Mungu alishamsamehe zamani, kabla msikiti wenu haujajengwa. Vyovyote vile, si ugomvi wako.

Sasa tuje kwa Mwalimu Useni. Umeniambia huna tamaa ya cheo. Sikukuuliza. Umekaa na siri hii miezi, mnapishana kisimani mnasalimiana, na hukuona kwamba msikiti una muadhini mshirikina. Adhana yake mlifungulia Swaumu za sunna, hamkumrudishia. Umekuja kuliona wiki ile majina mawili yalipotajwa. Kwa nini wiki ile? Mimi sitajibu. Nina karatasi tu mbele yangu, na nikisema naijua nia yako nitakuwa nimefanya kosa lile lile ninalokukaripia. Jiulize mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Jibu likija upesi na likiwa zuri sana, jiulize tena.

Na yeye mwalimu wa watoto wa watu! Chale za jirani amezibeba mpaka kwa wazee, za nyumbani kwake akaziacha nyumbani, na juu yake akaweka uongo kwamba mke wake alikuwa mpita njia. Kama ni shirki, ni shirki ya nyumba mbili. Kama ni dharura, ni dharura ya nyumba mbili. Mwambie achague, na akichagua aache kusema sababu ya mama, kana kwamba Feruzi alizaliwa na jiwe.

Utafanya hivi. Usingoje Ijumaa. Nenda nyumbani kwa Mzee Bilali mchana, wewe na mume wako, bila watu wengine, na uongee kwa lugha yenu: "Minye sikukuwa mupita njia. Nilikuwa kwenye mulolongo, na minye nilichanjwa, na bwana yangu njo anatajwa kwa kazi ile ile. Feruzi nilimuona amesimama. Sababu gani alisimama, sijue, na kitu sijue siwezi kukishikia Msahafu." Halafu mwonyeshe mkono. Huhitaji kusema uongo hata chembe, wala kunyamaza. Mwambie tena kwamba mzee anayeitisha kikao cha chale wakati kambi iko jirani, hata kama anatafuta imamu, anaweza kupata maiti. Ukiogopa kumwambia hilo, mpe gazeti asome mwenyewe.

Najua utakalosema. Utasema, Shangazi, nikionyesha mkono na mimi naweza kupelekwa kambini. Ndiyo, unaweza. Hiyo baridi unayoisikia mgongoni sasa hivi, Nkeshimana anaamka nayo kila siku tangu mume wako atoke kwa wazee. Alikuja kwenye ua wako akakwambia hakuombi uongo. Mwanamke huyo ana adabu kubwa. Mimi ningekuja na mchi wa kutwangia.

Mwalimu Useni ajitoe mwaka huu. Aseme kwa kinywa chake, mbele ya wazee wale wale aliowapelekea maneno, kwamba alizidisha. Kama usomaji wake ni mzuri, Ramadhani nyingine zinakuja na watamtaja tena. Kwa uimamu uliopanda juu ya kifua cha jirani ataswalishaje usiku wa kwanza, na wewe uko safu ya nyuma?

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya niweke barua yako juu ya nyingine zote wiki hii. Uliandika kwamba macho yenu yalikutana. Kwa hiyo na yeye alikuona. Alikuona, alijua wewe ni nani, na bila shaka alijua ni nani aliyempeleka kwa wazee, kwa sababu hakuna jirani mwingine aliyekuwa pale. Wazee wakamweka katikati, wakamwambia afungue shati, watu wakamcheka. Sentensi moja ingemtosha. Angesema, "Muulizeni bibi ya Useni alikuwa anafanya nini nyuma yangu." Mume wako angeanguka siku ile ile, na kikao kingegeukia nyumba yako. Hakusema. Kwa nini hakusema, sijui, hiyo ni siri yake na Mola wake. Lakini wewe uliyetaka kuhukumu yanayoonekana, hilo linaonekana, na umelipita bila kulitazama.

Mume wako amesema na wazee. Wazee wamesema na wewe. Wewe umeandika kurasa nne zikapanda lori mpaka kwa mtu asiyemjua Feruzi wala kisima chenu. Sikuona mahali hata pamoja ambapo mtu alimuuliza yeye, polepole, kama anavyoulizwa jirani, siku ile alikuwa anataka kwenda wapi.

Ukitoka kwa Mzee Bilali, bisha hodi kwake. Anza wewe. Mwonyeshe mkono wako, mwambie ulikuwa unakwenda wapi, umwombe radhi kwa yaliyotoka nyumbani kwako, ndipo umuulize. Akinyamaza, msalimie Nkeshimana urudi kwako, ana haki ya kunyamaza. Akikujibu, mwamini, hata kama jibu lake litakuwa dogo kuliko ulivyotazamia. Mwamini bila shahidi, bila kiapo, bila kumfungua shati, maana hivyo ndivyo utakavyotaka uaminiwe wewe siku siri zitakapotolewa nje.